Swichi ya mwanga na kumbukumbu ya mwanga: molekuli zilezile, kazi mbili zinazogombana

Februari 2024 watafiti wa Shanghai walichapisha kwenye jarida la Nature maelezo ya diski yenye ukubwa wa DVD inayoweza kubeba petabiti 1.6 za data, kwa kutumia rangi ya ogani na leza mbili. Habari za namna hii zikitoka huwa zinakuja na msafara wa madai: kompyuta za umeme zimefika ukingoni, molekuli moja itabeba biti moja, data itadumu milele, intaneti sasa itakwenda kwa kasi ya mwanga. Baadhi ya madai hayo yana chembe ya ukweli. Mengi yanatokana na kuchanganya vitu viwili vinavyofanana kwa nje: kutumia mwanga kuwasha na kuzima, na kutumia mwanga kuandika na kukumbuka.

Kwanza hesabu, maana hapo ndipo wengi huteleza. Biti ni jibu moja la ndiyo au hapana, 1 au 0. Biti 8 hufanya baiti 1. Kwa hiyo petabiti 1.6 si petabaiti 1.6, ni terabaiti 200. Bado ni shehena kubwa mno. Tabaka moja la diski ya Blu-ray, ile iliyokuja baada ya DVD, hubeba gigabaiti 25, na ungehitaji matabaka 8,000 ya namna hiyo kufikia hapo. Ila aliyeandika petabaiti kaongeza chumvi mara nane.

Pili, dutu zenyewe. Dutu ogani ni ile ambayo kiunzi cha molekuli zake kimejengwa kwa atomi za kaboni: plastiki, rangi za nguo, dawa nyingi, protini za mwilini. Haihusiani na mboga zilizolimwa bila mbolea ya viwandani. Miongoni mwa dutu hizo zimo ambazo molekuli zake zikimeza mwanga hubadili umbo, na umbo likibadilika, rangi nayo hubadilika. Tabia hiyo inaitwa fotokromia, na ina sharti moja: mabadiliko lazima yaweze kurudi nyuma. Pazia linalopauka juani halihesabiki, kwa sababu likishapauka ndiyo basi.

Molekuli inayotumika sana kufundishia jambo hili ni azobenzini. Ina pete mbili za kaboni zilizoungwa katikati kwa atomi mbili za nitrojeni, na kwa kawaida yote imenyooka. Imulike kwa mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, yenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 365 (nanomita ni mita iliyogawanywa mara bilioni), nayo inapinda pale kwenye nitrojeni. Ncha zake zilizokuwa zimeachana kwa takriban nanomita 0.9 zinasogeleana hadi nanomita 0.55 hivi. Kupinda huko huchukua pikosekunde chache, na pikosekunde moja ni sekunde iliyogawanywa mara trilioni. Imulike tena kwa mwanga wa buluu, inanyooka. Iache gizani, inanyooka pia, safari hii polepole, kwa saa nyingi au siku kadhaa, ikisukumwa na joto la kawaida la chumba.

Ukitaka kuona jambo lenyewe kwa macho, tafuta miwani inayogeuka nyeusi juani. Lenzi zake za plastiki zina molekuli za jamaa nyingine ya ogani, zinazofunguka pete zikipigwa na urujuanimno. Weka sarafu juu ya lenzi, iache juani dakika chache, kisha ingia ndani na uiondoe. Utaona duara jeupe katikati ya lenzi iliyotiwa giza. Hapo umeandika data kwa mwanga: palipopigwa ni 1, palipofunikwa ni 0. Subiri kidogo na maandishi yako yanafifia yenyewe. Rudia jaribio hilo siku ya baridi kali, duara litakaa muda mrefu zaidi, kwa sababu kinachofuta ni joto. Ndiyo maana pia miwani hiyo huwa nyeusi zaidi kwenye baridi kuliko kwenye jua la kuunguza, jambo linalowashangaza wenye miwani wengi. Na ndani ya gari haifanyi kazi vizuri, kwa kuwa kioo cha mbele huzuia sehemu kubwa ya urujuanimno.

Sasa ule mgongano. Fikiria mlango wenye springi na mlango wenye komeo. Wa springi ukiusukuma unafunguka, ukiuachia unarudi. Unafaa mahali watu wanapita kila dakika. Wa komeo ukiufunga unabaki umefungwa mpaka mtu aje aufungue, unafaa ghalani. Azobenzini na molekuli za miwani ni milango ya springi. Swichi ya mawasiliano inahitaji springi, tena kali, ili ishara moja ikishapita ipishe inayofuata. Kumbukumbu inahitaji komeo. Mtu anapokuambia wamegundua molekuli inayofaa kwa swichi na pia kwa kuhifadhi data, muulize ni ipi kati ya hizo mbili anaitaka kweli, maana sifa inayoifanya iwe bora kwenye kazi moja ndiyo inayoiharibia kazi ya pili.

Wazo la kuhifadhi data hivi si geni. Mwaka 1867 mkemia Fritzsche aliripoti mchanganyiko wa rangi ya chungwa uliopauka kwenye mwanga na kurudisha rangi yake gizani. Yehuda Hirshberg wa Taasisi ya Weizmann huko Rehovot ndiye aliyelipa jambo hili jina mwaka 1950, na mwaka 1956 akapendekeza kumbukumbu inayoandikwa na kufutwa kwa mwanga, akitumia molekuli ziitwazo spiropairani. Kompyuta za wakati huo zilijaza chumba kizima. Kwa hiyo mtu akikuletea wazo hili kama uvumbuzi wa juzi, mwambie lina zaidi ya nusu karne.

Kwa nini basi halijafika madukani? Spiropairani ilikuwa na springi. Data iliyoandikwa leo ilikuwa inafifia kabla ya keshokutwa. Komeo la kweli lilikuja miaka ya 1980, na jina la kulikumbuka ni Masahiro Irie wa Japani, aliyetengeneza molekuli za jamaa ya diariletheni. Hizi zina mikono miwili inayotazamana bila kugusana. Urujuanimno ukiipiga molekuli, kaboni mbili za ncha za mikono zinafungamana na pete inafungwa katikati. Elektroni sasa zinaweza kusafiri kwenye molekuli nzima, na dutu iliyokuwa haina rangi inakuwa nyekundu, buluu au zambarau kutegemea imetengenezwaje. Mwanga wa kawaida unaoonekana unakata kile kiungo na rangi inatoweka. Joto peke yake halina nguvu ya kukikata: kwa baadhi ya molekuli hizo umbo lililofungwa linakadiriwa kudumu zaidi ya miaka 1,000 kwenye nyuzi 30 za Selsiasi, mradi liwe gizani.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye shida, kwa sababu kumbukumbu isiyosomwa haina kazi, na kusoma kunataka mwanga.

Ukisoma, unafuta

Hapa ndipo napenda kukaa kidogo, kwa kuwa makala nyingi za habari hupita juujuu ya jambo hili na ndilo lililozuia kila kitu.

Chukua ile CD tupu ya kuchoma nyumbani, ambayo nayo ni teknolojia ya rangi ya ogani. Kampuni ya Taiyo Yuden ya Japani ndiyo iliyoileta mwaka 1988. Ukiigeuza upande wa chini unaona kijani, buluu au dhahabu iliyopauka. Hiyo ni rangi iliyopakwa juu ya plastiki kwa tabaka jembamba sana. Choma nusu ya diski kisha iinamishe kwenye taa: kuna mstari wa mviringo ulio wazi kabisa, ndani yake rangi imekolea kidogo tofauti, nje yake bado ni ile ya awali. Leza ya nanomita 780 ilipokuwa ikiandika ilipasha rangi joto hadi ikaoza vijisehemu vidogo vidogo, na hapo pakawa hapaakisi mwanga kama zamani. Leza hiyohiyo ndiyo inayosoma, ila kwa nguvu ndogo. Nguvu ndogo haifikishi joto la kuozesha, hata usome mara milioni. Kuna kizingiti: chini yake hakuna kinachotokea. Gharama yake ni kwamba kilichoungua hakirudi, ndiyo maana CD hiyo inaandikwa mara moja tu. (Zile za kuandika na kufuta, CD-RW, hazitumii rangi ya ogani, zina mchanganyiko wa metali unaobadilika kati ya fuwele na hali isiyo fuwele.) Kichekesho ni kwamba baadhi ya CD za kuchoma zilitumia rangi za jamaa ya azo, mabinamu wa azobenzini, lakini zikaunguzwa tu. Kipaji chao cha kupinda na kunyooka hakikuhitajika.

Fotokromia haina kizingiti. Fotoni moja, yaani kipande kimoja cha mwanga, ikimezwa na molekuli moja ina nafasi yake ya kuigeuza, iwe imetoka kwenye leza kali au taa hafifu. Punguza mwanga mara 1,000, utakuwa umepunguza kasi ya kufuta mara 1,000, basi. Ukisoma faili hilohilo mara za kutosha unalifuta kwa kulitazama.

Njia za kukwepa zipo, na kila moja ina karo yake. Unaweza kusoma kwa mwanga wa infraredi ambao molekuli haiumezi kabisa, ukipima tu jinsi dutu inavyoupinda mwanga huo kabla na baada ya kugeuka. Ishara yake ni dhaifu. Unaweza kubuni molekuli inayogeuka pale tu inapopata mwanga pamoja na kichocheo kingine, kama joto au kemikali. Au unaweza kuilazimisha molekuli imeze fotoni mbili kwa mpigo, jambo ambalo mwanafizikia Maria Göppert-Mayer alilitabiri kwa hesabu mwaka 1931, na ambalo hutokea pale tu mwanga ulipokolea kupita kiasi. Hiyo ya tatu inarudisha kitu kinachofanana na kizingiti, na inafungua mlango mwingine: miale inapitishwa kwenye kipande kinene cha plastiki na inaandika pale tu inapokutana, katikati, bila kugusa juu wala chini. Mwaka 1989 watafiti Parthenopoulos na Rentzepis walionyesha jambo hilo kwa spiropairani wakazungumzia kumbukumbu yenye pande tatu. Leza za kufanya kazi hiyo wakati ule zilikuwa za maabara, na hata leo si za kuweka ndani ya kompyuta ya mapajani.

Kisha kuna uchovu. Tuseme molekuli zako zinaharibika kidogo kila zinapogeuka, sehemu moja tu kati ya 1,000. Baada ya mizunguko 1,000 umebakiwa na takriban asilimia 37. Diariletheni nzuri huvumilia mizunguko zaidi ya 10,000, na kwa molekuli ya ogani hayo ni maajabu. Kwa hifadhi ya picha za familia inatosha na kubaki. Kwa kumbukumbu ya kazi ndani ya kompyuta, inayoandikwa upya hata mara 1,000 kwa sekunde, mizunguko 10,000 inaisha ndani ya sekunde 10.

Molekuli moja, biti moja?

Dai hili huvutia sana na lina kosa la wazi. Molekuli ina upana wa nanomita moja hivi. Mwanga hauwezi kubanwa kuwa nukta ndogo kiasi hicho kwa lenzi ya kawaida. Mwanafizikia Ernst Abbe alionyesha mwaka 1873 kwamba nukta huishia karibu na nusu ya urefu wa wimbi. Ndiyo maana historia ya diski ni historia ya kufupisha wimbi: nanomita 780 kwa CD, 650 kwa DVD, 405 kwa Blu-ray. Hata kwenye Blu-ray, eneo la alama moja lingetosha makumi ya maelfu ya molekuli, ukihesabu tabaka la unene wa molekuli moja tu. Biti moja ni umati mzima uliogeuzwa pamoja.

Walichofanya Shanghai ni kuzunguka ukuta wa Abbe kwa ujanja uliotoka kwenye hadubini, ule uliompa Stefan Hell sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2014. Leza ya kwanza, ya mipigo mifupi mno, inaanzisha mmenyuko wa kugandisha dutu. Leza ya pili ina umbo la pete yenye tundu katikati, na inauzima mmenyuko huo pembezoni. Kinachobaki kimeandikwa ni kitovu peke yake, hadi nanomita 54. Rangi ya ogani iliyochanganywa humo ina tabia ya kung'aa zaidi inapobanwa isitikisike, kwa hiyo palipoganda panang'aa tofauti na pasipoganda, na hivyo ndivyo inavyosomwa. Matabaka 100 yamepangwa kwa umbali wa mikromita moja moja. Kazi nzuri kweli, ila tazama ni kazi ya aina gani: inaandikwa mara moja, haifutiki. Ni ndugu zaidi wa CD ya kuchoma kuliko wa wazo la Hirshberg. Ni ghala. Na kuandika nukta ndogo kiasi hicho moja baada ya nyingine ni kazi ya polepole, kwa hiyo kuijaza diski nzima ni suala jingine kabisa na lile la inabeba kiasi gani.

Data kudumu milele? Alama iliyoganda ndani ya plastiki inaweza kuishi muda mrefu, lakini adui wa rangi za ogani ni yuleyule anayezitumikisha: mwanga, akisaidiwa na oksijeni na joto. Iache CD ya kuchoma kwenye dirisha lenye jua kali kwa miezi, kisha jaribu kuisoma.

Upande wa swichi

Kuhusu intaneti kwenda kwa kasi ya mwanga: imeshafika huko zamani. Data ndani ya nyuzi za kioo husafiri kwa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, theluthi mbili ya kasi ya mwanga angani, na ishara ya umeme kwenye waya wa shaba haiko nyuma sana. Faida ya mwanga ni kwamba uzi mmoja hupitisha rangi nyingi kwa pamoja, kila rangi na data yake, bila kupashana joto. Kero iko kwenye njia panda. Sehemu nyingi bado mwanga hugeuzwa umeme, umeme unaamua data ielekee wapi, kisha inageuzwa mwanga tena. Swichi ya mwanga kwa mwanga ingefuta hatua hizo mbili.

Tatizo ni kwamba miale miwili ikikatizana haijaliani. Kila mmoja unaendelea na safari yake. Lazima iwepo dutu katikati inayobadilika kwa mwale mmoja na hivyo kuuathiri mwingine. Molekuli zinazopinda umbo zinaweza kufanya hivyo, lakini kurudi kwao kunachelewa. Kwa hiyo watu wa swichi wamehamia kwa jamaa tofauti: polima, yaani molekuli ndefu kama minyororo, ambazo elektroni zake zinateleza kwenye uti wa kaboni. Hapo hakuna atomi inayohama, ni elektroni tu zinazosukumwa, na zinatii papo hapo na kurudi papo hapo. Springi isiyo na subira. Hazikumbuki chochote, na hapo ndipo uzuri wake ulipo.

Swichi za polima zinazoongozwa kwa volti ndizo zilizo karibu zaidi na matumizi. Maabara zimeshaonyesha vifaa vya polima vinavyokatakata mwanga kwa zaidi ya gigahezi 100, yaani mara bilioni 100 kwa sekunde. Udhaifu wake ni joto: molekuli zilizopangwa zielekee upande mmoja hulegea na kujichanganya kadiri miezi inavyopita. Zile za mwanga kwa mwanga bado ziko mbali. Mwaka 2021 watafiti wa chuo cha Skoltech cha Urusi na kampuni ya IBM walionyesha swichi ya polima, iliyobanwa kati ya vioo viwili, inayoweza kuathiriwa na fotoni moja kwenye halijoto ya kawaida, na vichwa vya habari vikaruka moja kwa moja hadi kwenye kompyuta bila umeme. Fotoni hiyo moja inafanya kazi wakati leza nyingine kubwa inaisukuma dutu kwa mipigo mifupi. Leza hiyo inakula umeme.

Wakati huohuo macho yanayosoma maneno haya yanaendesha fotokromia bila kelele. Ndani ya retina kuna molekuli ya retinali, iliyopinda. Fotoni ikiipiga inanyooka ndani ya takriban femtosekunde 200, yaani sehemu ya tano ya pikosekunde, haraka kuliko azobenzini. Joto la mwili karibu haliigusi: molekuli moja ingekaa mamia ya miaka kabla ya kujigeuza kwa bahati mbaya, na ndiyo maana tunaweza kuona gizani bila kusumbuliwa na mwanga wa uongo. Hilo ni komeo zuri kuliko mengi ya maabara. Ila halifunguki lenyewe. Mwili una kikosi kizima cha vimeng'enya cha kuikunja retinali upya. Bakteriorodopsini, protini ya zambarau ya vijidudu wa maji ya chumvi kali ambayo watafiti Oesterhelt na Stoeckenius waliieleza mwaka 1971, hutumia retinali pia lakini hujirudisha yenyewe ndani ya milisekunde chache, na huvumilia mizunguko zaidi ya milioni. Miaka ya 1990 mkemia Robert Birge na wenzake walijaribu kuifanya kumbukumbu ya kompyuta. Haikuweza kushindana na diski ngumu ambazo bei yake ilikuwa inaporomoka kila mwaka.

Na azobenzini, ile ya springi isiyofaa ghalani, imepata kazi hukohuko machoni. Kuna dawa zinazotengenezwa kutokana nayo kwa ajili ya watu ambao seli zao za kupokea mwanga zimekufa lakini neva za nyuma yake bado zipo. Molekuli inaingia kwenye seli hizo za nyuma na kukaa kwenye vijia vinavyopitisha chembe za umeme; mwanga ukiingia inapinda na kubadilisha kinachopita, giza likirudi inanyooka yenyewe mara moja, kwa kuwa imebuniwa irudi haraka kuliko azobenzini ya kawaida. Majaribio ya awali kwa binadamu yameshaanza.